Nyumba Iliyogeuzwa Bichi

Alasiri ya Jumanne, Awino alipanda juu ya stuli akafunga paneli ya sola kwenye ukingo wa mabati yake kwa waya wa kuanikia nguo, maana misumari ilikuwa imeisha. Taa aliinunua mjini Sindo, dukani kwa Sumeya, kwa bei ambayo hata mjane anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, anaimudu. Stima ilikuwepo kijijini, ndiyo. Ilikuja ikitaka na kupotea ikitaka, na kwa Awino haikuwa imefika kamwe. Binti yake Celestine alikuwa Kidato cha Nne, na alisomea koroboi akikohoa, macho mekundu, pua nyeusi kwa masizi. Awino alikuwa amechoka kuipangusa ile pua.

Giza lilipoanza kuingia wakawasha. Taa iliwaka vizuri. Celestine alifungua kitabu cha kemia, na kabla hajamaliza ukurasa omena wakaingia dirishani.

Walikuwa wametoka ziwani wakapanda njia ya ng'ombe, hewani, kimo cha goti, wakigeuka wote pamoja kila njia ilipokata kona. Waliizunguka taa, wakachoka, wakaanguka. Celestine alisogeza kitabu. Awino alisukuma karai kwa mguu mpaka likakaa pazuri.

"Mama, wananiloanisha."

"Wewe soma. Mimi nitapangusa."

Kijijini hakuna aliyeshangaa. Hapa omena huvuliwa kwa taa tangu zamani: boti hutoka na taa, omena hufuata mwanga, wavu unashuka. Sasa taa ikiwa nyumbani, samaki afanye nini? Risper, jirani yake mwenye cherehani, alikuja asubuhi, akawatazama omena wa Awino wakikauka juu ya neti kuukuu, akasema tu, "Wa kwako ni wakubwa." Kisha naye, kama wanawake wengine baada yake, akaenda Sindo kutafuta taa.

Kilichomfurahisha Awino hasa si samaki. Tangu mumewe afariki alikuwa akinunua omena kwa Clifford, mwenye maboti huko bichi, ufukoni. Kwa Clifford mwanamke hulipa pesa mchana mbele za watu, halafu hulipa tena, si kwa pesa, katika chumba chake nyuma ya banda. Asiyetaka hurudi na karai tupu. Mambo hayo bichi nzima inayaita jaboya, na ukiyataja watu wanaanza kutafuta kitu walichoangusha chini. Awino alimchukia Clifford. Alichukia harufu ya sabuni yake, alichukia anavyomwita "kastoma wangu". Sasa alikuwa hashuki tena bichi, na bado hakutulia. Alifagia palipofagiwa. Alisimama mlangoni, akaketi, akasimama tena. Mtu akikohoa njiani, moyo ulimpasuka.

Haukumpasuka bure. Kamati ya bichi iliitisha mkutano bandani. Clifford na wenzake walilalamika kwamba maboti yanarudi matupu na wanawake wanakaa nyumbani wakinenepa. Mwenyekiti, Elijah, mtu mpole ambaye hajawahi kumfokea mtu, alimwomba Awino asimame.

"Mama Celestine, nyumba yako iko na samaki ama haina?"

"Iko. Lakini wamekuja wenyewe. Mimi sijaita mtu."

"Sawa. Na mahali samaki wanashukia panaitwaje?"

Jibu hilo hata mtoto wa nasari analijua.

"Bichi," Clifford alimjibia.

"Nyumba yangu iko na kitanda na sufuria!" Awino alifoka. "Bichi gani iko na kitanda? Mmerukwa na akili?"

Elijah aliomba utulivu. Ikapitishwa kwamba kila nyumba inayoingia omena ni bichi, na kila bichi lazima iwe na mwenye boti wa kuisimamia, atakayefika jioni kuangalia samaki wake. Bichi ya Awino akapewa Clifford, kwa sababu wanajuana. Watu walipiga makofi kidogo, mkutano ukafungwa kwa maombi. Siku hiyohiyo Risper alirudisha taa yake kwenye boksi akawasha koroboi. Yeye ana cherehani, hana haja na omena.

Awino alirudi kwa Sumeya na taa mkononi.

"Nipe ile ambayo omena hawaioni."

Sumeya aligeuza boksi, akasoma kila upande. Alikuwa mtu wa haki, asingemdanganya mteja. "Hapa wameandika tu isiingie maji. Ya samaki hawakuandika." Akamrudishia. "Mamangu, taa ambayo samaki haioni, hata huyo mtoto hataiona."

Awino akajaribu yake. Alitundika blanketi dirishani. Omena wakapitia chini ya mlango. Akaifunika taa kwa sufuria, Celestine akasoma mwanga uliobaki ukingoni, herufi chache kwa wakati. Omena wakaja kuigonga sufuria mpaka hakuna aliyeweza kufikiri. Mwisho akaizima kabisa. Wakakaa gizani, mama na binti, wakiwasikia omena wamejaa uani, wakingoja, mikia ikichezacheza. Awino alitembea toka ukuta hadi ukuta. Mtihani ulikuwa umekaribia sana.

Mlango ukabishwa.

"Kastoma wangu, washa taa. Samaki wangu wanakauka huku nje."

Awino alisimama katikati ya chumba. Hasira ilimpanda. Samaki wa uani kamati ilishampa Clifford; kama atamfukuza, omena kesho watatoka wapi, ila kwenye maboti yake? Aliwasha.

Omena waliingia kwanza, kisha Clifford. Alijikaribisha kwenye kiti cha Celestine, chini ya taa, akanyoosha miguu. Alikuwa ameoga.

"Taa nzuri hii," alisema. "Inamulika mpaka kwenye kona."

Awino alikusanya vitabu vya Celestine, akavipangusa maji kimoja kimoja kwa leso, akampa mtoto mkononi. "Nenda usomee kwa Risper," alisema. "Usirudi mpaka nikuite."

Celestine alimtazama mama yake, akamtazama Clifford, akatoka. Njiani alikutana na omena waliochelewa, wakipanda kuelekea kwao. Alisogea kando wakapita.

Kwa Risper koroboi ilikuwa inatoa moshi. Risper alipunguza utambi, akasogeza cherehani, akamwachia nusu ya meza. Celestine alifungua kitabu cha kemia, akaanza kukohoa.