Kiti cha Nane

Tarehe mosi Aprili, mwaka 2020, mwanangu alikuwa na umri wa siku moja, na nyumbani kwetu Saint Paul, jimbo la Minnesota, hakuna aliyethubutu kumtaja kwa sauti. Sisi Wahmong, watu wa milima ya Laos, humwitia mtoto roho yake siku ya tatu. Kabla ya hapo bado ni mgeni, na anaweza kuchukuliwa na mizimu. Kaka yake alichukuliwa siku ya pili. Hakuhesabiwa na ukoo wala na serikali, kana kwamba tumbo langu lilikuwa limeota ndoto.

Jioni ile alipiga simu Mwalimu Lindqvist, aliyetufundisha kusoma sisi watu wazima. Maradhi ya korona yalikuwa yamefunga darasa.

"Hongera, Pa Nhia! Sensa mmeshajibu?"

"Bado, Mwalimu."

"Jibuni basi! Viti vya Bunge kule Washington ni vilevile mia nne thelathini na tano, majimbo yanagawana kwa wingi wa watu. Sisi Minnesota tuna vinane, na cha nane kinaning'inia. Aliyekuwepo leo anahesabiwa, hata mkijibu wiki ijayo. Kichanga pia!"

Mama mkwe, aliyekuwa akinichemshia kuku wa uzazi, alisikia kila neno.

"Kichanga gani? Leo nyumba hii ina watu watatu: mimi, wewe na mumeo Chue. Ukisema wanne unaidanganya serikali, tena unawaonyesha wasioonekana alipolala."

"Nisipomsema, Mama, atakuwa kama yule mwingine."

Alikikoroga kile chungu muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Siku ya tatu mama mkwe alifungua mlango, baridi ikaingia. Akasimama kizingitini na ubani, yai na kuku, akaisihi roho iache barafu na mito, ije kwenye joto. Tulimfunga mtoto nyuzi nyeupe mikononi, tukamwita Leng.

"Mama," nikamwambia tulipokaa kula, "roho umeiita ije kwa nani?"

"Kwa huyu aliyelala, kwa nani tena?"

"Juzi, siku ya kuhesabiwa, alikuwa amelala wapi?"

"Hapo hapo."

"Basi serikali inahesabu miili tu. Mambo ya roho imekuachia wewe."

Alitafuna polepole, akamgeukia mwanawe. "Chue, wape huo mwili."

"Wanne," Chue akasema, akibofya simu. "Ungekuwa karani wewe, Mama, jimbo lingebaki tupu!"

Aprili iliyofuata redio ilitangaza kwamba Minnesota imebaki na kiti cha nane. New York imekikosa kwa pungufu ya watu themanini na tisa. Leng alikuwa ameshika mguu wa meza, akijaribu kusimama.

"Themanini na tisa?" mama mkwe akashangaa. "Hao ni arusi yetu moja, tena ndogo." Akamwinua mjukuu, akamweka kitini. "Kaa, bwana mkubwa. Ule."

Kaka yake hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake. Nimemwandika hapa ili naye ahesabiwe. Ukimaliza kusoma, mpe na jirani yako asome, hasa mwenye kichanga ndani.