Mlinzi wa Betri

Babu alipokuwa hai, kuwasha taa ndani ya tela lake kulikuwa kama kwenda kuposa. Tela lenyewe ni chumba kimoja chenye magurudumu, kinavutwa na gari: vitanda viwili, jiko, na hita ya gesi chini ya kabati. Gesi ilikuwa tele. Shida ni kwamba hita ile haipulizi joto bila feni, feni inakula betri, na betri ni hiyohiyo ya taa, friji na pampu ya maji. Basi Babu aliketi kwenye kigoda kando ya swichi, miguu kainyoosha, na mwenye shida alipaza sauti:

"Naomba umeme!"

"Wa nini?"

"Wa pampu, ninawe mikono."

"Kwani umeshika nini?"

Feni ilizimwa, ukanawa mbiombio, kisha ikaanza tena kukoroma. Nilipokuwa mdogo niliamini ule mkoromo ni wa Babu mwenyewe. Nikawa najiuliza anawezaje kukoroma huku ananigombeza.

Safari ya kwanza bila yeye tulikwenda wanne: Bibi, Shangazi, Baba Mdogo na mimi. Bibi alitaka kulala usiku mmoja tu pale kilimani yeye na Babu walipozoea kuegesha. Shangazi, ambaye angemfunika mama yake blanketi hata akiwa anachochea moto, alikubali kwa sharti: kifua cha Bibi kikianza kusumbua, tunarudi kabla ya giza, na tela linauzwa.

Tulifika alasiri, ukungu umetanda. Baba Mdogo akawasha hita. Feni ikazunguka, ikasitasita, ikanyamaza. Kitaa chekundu cha betri kikaanza kutukonyeza.

"Gesi imeisha," akatangaza kama daktari.

"Ba'mdogo, mtungi nimeubeba mimi. Umejaa, muulize mgongo wangu."

Tukatazamana. Njia nzima friji ilikuwa inapoza soda zake. Waya wa kuchajia kutoka kwenye gari aliusahau nyumbani, ila spika hakuisahau, na ilikuwa bado inaimba. Simu yangu ilikuwa kwenye chaji. Shangazi alikuwa amefungulia pampu, anaosha vikombe vilivyokuwa safi. Taa zote zinawaka, mchana! Kila mtu alijichotea tu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kukalia kile kigoda. Hata kupita tulikizunguka, kana kwamba miguu ya Babu bado imenyooshwa pale.

Bibi akakohoa. Mara moja tu, lakini Shangazi alishashika begi.

"Mama, twende. Kumkumbuka Baba utamkumbukia nyumbani, kitandani, na soksi miguuni."

Bibi alinyanyuka, akaketi kwenye kigoda. Akazima friji. Akazima taa. Akachomoa spika.

"Mama, soda zangu!"

"Zitoe nje. Baridi yote hiyo ya bure, friji ya nini?"

"Na simu yangu, Bibi?"

"Unataka kumpigia nani? Sote tuko hapa."

Akatuamuru tuzibe madirisha kwa mablanketi na tusukumie masweta chini ya mlango, betri ipate kupumzika. Kisha akaiwasha hita peke yake, feni kwenye mwendo wa chini kabisa. Ikajikongoja, ikashika. Hewa ya vuguvugu ikatupitia vifundoni, na ile harufu ya vumbi linaloungua ambayo sikujua kama niliitamani kiasi kile. Baba Mdogo aligeukia dirisha, akajifanya anakagua blanketi. Nikamwacha. Siku nyingine ningemtania.

Bibi akalegeza shali. Shangazi akamshika viganja, akavigeuzageuza kama anayetafuta kasoro. Havikuwa na baridi. Akakaa kitandani, begi mapajani, anasikiliza kifua cha mama yake. Ukungu ukawa mweusi nje. Hakuna aliyetaja gari.

Mwishowe akalisukuma begi chini ya kitanda.

"Sawa," akasema, akininyooshea kidole. "Lakini mimi silali na huyu. Anapiga mateke."