Sugua Tu

Daktari wa meno alipuliza hewa kwenye meno yangu ya mbele, nami nikaruka kitini kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Hakunionea huruma. Aliweka kioo chake kidogo kwenye trei, akashusha pumzi nyuma ya barakoa, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri:

"Mama, unakunywa nini kwa siri?"

Kwa siri! Mtu mzima na wajukuu zangu, naulizwa kama mtoto aliyedokoa sukari. Miaka imepita, lakini nikilikumbuka swali lile damu bado inanichemka.

Wakati huo nilikuwa muonjaji katika kiwanda cha juisi. Kila mchanganyiko mpya ulipotoka, nilipangiwa vikombe vidogo kwenye chumba cha vigae vyeupe. Nilipiga funda, nikalizungusha mdomoni mpaka kwenye fizi, nikatema kwenye sinki na kutoa hukumu: ukali umezidi, sukari haijafika, hii rudisheni. Wenzangu walinibandika jina la Mizani. Hakuna chupa iliyotoka getini kabla Mizani hajasema ndiyo, na mimi jambo hilo lilinivimbisha kichwa, sitaficha.

Kisha maji baridi yakaanza kunichoma. Ncha za meno ya mbele zikawa nyembamba, ukizitazama kwenye taa unaona mwanga unapita. Mimi niliyekuwa nikicheka mpaka magego yanaonekana, nikaanza kucheka na kiganja mdomoni. Kazini nikawa navisogelea vikombe kwa woga. Na muonjaji anayeogopa kikombe ni kama dereva anayeogopa usukani. Siku zake zinahesabika.

Ndipo nikaenda kwa daktari. Mara ile ya kwanza nililala kitini huku mashine ya kunyonya mate ikinguruma sikioni, na yeye amejifunika barakoa hadi chini ya macho. Alinieleza habari za asidi ya matunda, jinsi inavyolainisha gamba gumu la nje la jino. Nilisikia nusunusu. Lakini agizo la mwisho nililidaka vizuri: "Ukimaliza kuonja, sugua tu."

Basi nikasugua. Mimi nikiambiwa jambo silifanyi nusu. Nilinunua mswaki mgumu kuliko yote dukani, nikauweka kwenye droo ya chumba cha kuonjea. Nikitema tu, naushika. Jioni nilirudia nyumbani, na baba watoto alikuwa akipita mlangoni akitikisa kichwa.

"Mama, hayo ni meno au masufuria?"

Nilimjibu na povu mdomoni kwamba kinga ni bora kuliko tiba.

Niliporudi kliniki mara ya pili, daktari aliuliza, "Unafanya nilivyokwambia?"

"Kila nikionja, daktari. Sikosi."

"Safi sana. Endelea hivyo hivyo."

Nikaendelea. Maumivu nayo yakaendelea, mpaka nikashindwa kunywa hata maji ya mtungini. Sasa nilikuwa nimelala kwenye kiti kilekile mara ya tatu, naambiwa meno yamelika kuliko mwanzo, kwamba hayawezi kulika haraka hivyo bila mimi kumficha kitu.

Nilikaa wima. Nikauchomoa mswaki kwenye mkoba, nyuzi zake zimelala chali, nikamtikisia usoni.

"Nakuficha nini? Umeniambia sugua tu, nimesugua tu! Mpaka mkono unaniuma!"

Muuguzi alizima mashine. Daktari aliutazama mswaki, akanitazama mimi, kisha akavuta barakoa hadi kidevuni. Ndiyo kwanza nauona mdomo wake.

"Mama," alisema polepole, "nilisema sukutua. Su-ku-tu-a. Kwa maji matupu."

Muuguzi aligeukia kabati, mabega yakimtetemeka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Daktari alianza upya, safari hii kila neno likisikika: jino likishaguswa na asidi huwa laini kwa muda, na mate ndiyo yanayolirudishia ugumu. Ukilisugua kabla ya hapo unalikwangua. Nisukutue, ningoje kama saa nzima, ndipo nipige mswaki, tena mswaki laini wenye dawa ya floraidi. Na juisi nisiizungushe mdomoni.

"Nisipozungusha, naonjaje?"

Aliinamia faili langu, akaandika.

"Na gamba lililotoka, litaota?"

"Halioti, mama. Nitapaka dawa ya kukaza lililobaki, na haya ya mbele nitayajazia. Lakini kazi ile, kusema kweli, uiage."

Nilichokuwa nacho ni ulimi na bidii. Na bidii ndiyo iliyonimaliza. Ningekuwa mvivu ningekuwa na meno. Hasira ilinipanda nikakosa hata pa kuitupia, maana huwezi kumgombeza mtu kwa kuvaa barakoa.

Daktari alinigusa bega. "Pole sana, mama. Hapa tumekosea."

Tumekosea. Nilimtazama kinywani. Meno yake yalikuwa yote, meupe, manene mpaka kwenye ncha.

Muuguzi alinipa bilauri ya maji nisukutue. Yalikuwa ya baridi. Yalipogusa meno ya mbele nikafumba macho, machozi yakanitoka.

"Inauma?" daktari aliuliza.

Nilitema kwanza.

"Inatuuma, daktari."