Kifyatulio cha Baba

Bastola ile ya mashindano ya kulenga shabaha ilikuwa ya marehemu baba wa binti, na baba mdogo aliibeba kabla machozi ya msiba hayajakauka. "Mtoto wa kike atalenga nini?" alisema, na wakubwa wote wakaitikia. Binti alikitia kinyongo moyoni, akakilea kikanenepa.

Alijua alichoibiwa. Chuma kinauzwa dukani. Kilichomuuma ni kifyatulio. Baba yake, fundi wa kufuli, alikuwa amekisugua kwa kinoo jioni nyingi, yeye akimshikia taa, mpaka kikawa kinarudi nyuma bila kukwama popote. Na kwa mlenga shabaha, hapo ndipo penye kazi yote. Kifyatulio kikikwamakwama, kidole kinalazimisha, mkono unatikisika, risasi inakwenda inakotaka yenyewe.

"Laini, mwanangu, siyo chepesi," baba alizoea kusema. "Chepesi hata mjinga anakiweza."

Baada ya hapo baba mdogo akawa anazoa vikombe tu, kichwa kimemvimba. Binti alishindana kwa bastola ya klabu, kifyatulio kigumu kama mlango wa bafuni uliolowa maji, na kila mwaka akaambulia nafasi ya pili nyuma ya yuleyule mwizi.

Wiki ya fainali, baba mdogo akaja mwenyewe kwenye karakana ya kufuli, ambako sasa binti ndiye fundi.

"Mwanangu, hii kitu imeanza kukwama. Wewe ndiye uliyekaa na marehemu. Alikuwa anaifanyaje?"

Binti aliishika, akabonyeza mara moja. Ni uchafu tu, mafuta ya zamani yaliyoganda. Kitambaa na tone la mafuta mapya vingetosha.

"Kinoo, baba mdogo," alisema kwa sauti tamu. "Sugua lile jino la ndani linaloshika nyundo ya bastola. Usilionee huruma."

"Si unifanyie wewe?"

"Mimi? Mtoto wa kike atasugua nini?"

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Maneno yalikuwa yake mwenyewe na hakuyatambua, akaenda kusugua.

Siku ya fainali, kwenye meza ya ukaguzi, mkaguzi aliisimamisha bastola wima, haina risasi, akatundika uzito wa kilo moja kwenye kifyatulio ili aunyanyue kutoka mezani. Kanuni ni kwamba kiubebe bila kufyatuka. Kabla uzito haujainuka mezani, kikafyatuka: ta! Akarudia. Ta! Akarudia tena.

"Kifyatulio kimekuwa chepesi mno, mzee. Huingii nayo."

Baba mdogo aligeuka, akamkuta binti anamtazama bila kupepesa macho.

"Ni wewe," alisema. "Umenifanyia makusudi."

"Makusudi kabisa," binti akajibu, na roho yake ikaburudika. Mzee akambwagia bastola miguuni mbele ya klabu nzima, akaondoka. Binti akapiga kwa ile bastola ngumu ya klabu, akatwaa kikombe.

Nyumbani aliipangusa bastola ya baba, akaitia mafuta, akaielekeza ukutani na kubonyeza. Ikafyatuka kidole kikiwa ndiyo kwanza kinagusa. Jino lilikuwa limelika lote, na chuma kilicholika hakirudishiki. Alibonyeza tena, na tena, akimtafuta baba yake mle ndani, kisha akaiweka kando ya kikombe na kulia, mara ya kwanza tangu mazishi.