Gari la Kwenda na Kurudi Katesh

Barua ya uhamisho ilimkuta Domitila masjala, ameshika faili la mtu mwingine. Ilimtaka aripoti Katesh ndani ya siku kumi na nne. Aliisoma mara moja, akaigonga muhuri wa kupokelewa kama alivyogonga barua za watu kwa miaka kumi na tisa, kisha akaenda chooni akalia. Hakulilia kituo kipya. Alimlilia mama yake.

Mama huyo aliishi naye mtaa wa Maisaka, mjini Babati, na Maisaka nzima ilimwita Mama Kornel, maana jina la mama hufuata mtoto wa kwanza, hata kama mtoto wa kwanza mwenyewe huonekana Pasaka na Krismasi. Kiharusi kilimpiga mwaka uliopita. Kilimwachia mguu wa kulia usiokunjika, na kikamfanyia jambo ambalo daktari alisema huwatokea wengine: kilimfutia Kiswahili chote. Kikabaki Kiiraqw cha utotoni. Dada wa kazi, Kindness, alitoka Same. Alijua kumgeuza mgonjwa, kumwogesha na kumlisha asipaliwe, lakini neno moja la bibi hakulielewa. Mchana kutwa mama alikaa bila mtu wa kuzungumza naye. Jioni Domitila akirudi alivuta kigoda, na mama akaanza kumwaga yote aliyoyalimbikiza: kiu ya saa nne, mbwa wa jirani, mguu unavyomuuma, ndoto aliyomwona marehemu baba. Maisha ya mama yalikuwa yamebaki ndani ya saa ile moja, na Domitila alilijua hilo kuliko alivyojua tarehe yake ya kuzaliwa.

Katesh ni kilomita sabini na kitu kutoka Babati. Kumhamishia mama huko haikuwezekana; upepo wa mlimani Hanang ungemmaliza, na kliniki yake ya mazoezi ilikuwa mjini. Mabasi Domitila aliyajaribu kwa wiki mbili. Asubuhi alifika kazini amechelewa, na jioni alifika nyumbani mama ameshalala. Mume hakuwa wa kumtegemea, kwani alishahamia Arusha kwa mke mwingine, na mtoto wao Brayson alikuwa bweni. Basi ikabidi anunue gari. Alikuwa na akiba ya milioni nane aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya bati na dari.

Alimwendea Sylvanus, fundi magari wa Nangara, mtu wa maneno machache na mwenye kucha nyeusi za kudumu. Sylvanus alimpeleka kwa nesi mmoja aliyeitwa Dorika, pale pale Maisaka, aliyekuwa anauza kigari chake, Passo ya cc mia tisa na tisini. Ilikuwa namba D ya mwanzomwanzo, rangi imefifia juu, ya aina ambayo vijana wa mjini hawaiangalii mara mbili. Fundi aliiwasha, akafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma aone kama itatoa moshi, akavuta kijiti cha oili ya gia akakinusa, akabandua mpira wa mlango kutafuta rangi ya pili. Kilichomfurahisha zaidi ni vumbi. Alisema injini iliyooshwa siku moja kabla ya kuuzwa ina la kuficha, na hii haikuwa imeoshwa tangu enzi na enzi. Chini ya kiti cha nyuma kulikuwa na punje za mahindi.

Waliiendesha hadi Sigino na kurudi. Njiani wakapiga hesabu. Kulikuwa na watumishi watatu wengine waliokwenda Katesh kila siku, na nauli wanayotoa ya basi, wakimpa yeye, ingelipa mafuta yote ya kigari kile na kubakiza ya oili. Kwa gari lolote lenye injini kubwa zaidi, hesabu hiyo ilikufa hapo hapo.

"Dada, hiki hakitakupa heshima barabarani," Sylvanus alisema aliposhuka. "Lakini jioni kitakurudisha."

Domitila aliondoka pale na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu kiharusi. Alimwachia Dorika laki mbili za kushika bei. Angelipa zilizobaki kesho yake, na hadithi ingeishia hapo, ila kosa la Domitila lilikuwa adabu. Kwao gari haliingii uani kama kuku wa mnadani. Wazee huambiwa kwanza, wakaliombea, ndipo mtu akalileta. Jumamosi akapanda kwenda Dareda, kijijini kwao, kumwarifu baba mdogo Damasi, akiwa na kilo mbili za sukari na picha ya Passo kwenye simu.

Baba mdogo aliitazama picha ile kwa muda mrefu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akatuma aitwe Kornel, kaka yake Domitila. Kornel akaja na wengine wawili, na kumwarifu mzee mmoja kukageuka kikao. Wakauliza kina viti vingapi. Wakauliza kitapandaje milima ya Bashnet wakati wa mvua. Wakauliza magunia yatakaa wapi, na wageni wa harusi, na wagonjwa wa ukoo. Domitila aliwaeleza kwa heshima kwamba gari ni la kwenda kazini na kurudi. Wakamsikiliza kama mtu anavyomsikiliza mtoto akieleza ndoto. Mmoja akasema wapishi wengi huharibu mchuzi, na papo hapo akatoa ushauri wa rangi.

Ndipo Kornel akasema maneno yaliyomaliza kikao.

"Siku mama akizidiwa, na mguu ule haukunjiki, utamweka wapi? Utamvunja ndiyo aingie?"

Jibu lilikuwepo, kwamba mama hakuhitaji kubebwa siku moja bali kusikilizwa kila siku, lakini lilimjia Jumatatu, na jibu la Jumatatu halimsaidii mtu wa Jumamosi. Kornel akasema atauza madume manne ya ng'ombe aongezee milioni nane za Domitila, watafute Noah ya viti vinane. Wazee wakapiga makofi. Noah ikapatikana mjini, nyeupe, cc elfu mbili, injini imeoshwa ikang'aa. Kadi ya gari ikaandikwa jina la Kornel, kwa kuwa ndiye mkubwa. Baba mdogo akaiombea uani, na waliokuwepo wote wakapanda kujaribu viti.

Sylvanus aliikagua baadaye, Domitila akiwa amesimama kando kwa aibu. Alifunga boneti taratibu. Alisema gari ni zima, hakuna la kulisema vibaya. Kisha akamwambia kwamba Passo ya Dorika ilishachukuliwa na mwalimu mmoja.

Mwezi wa kwanza Domitila alikwenda na kurudi kila siku. Saa kumi na moja jioni alikuwa kwenye kigoda, na mama alimwaga maneno yake. Lakini nauli za wale watatu hazikufikia hata theluthi mbili ya mafuta. Alitafuta abiria wengine wa kudumu akawakosa, na kuokota watu njiani kwa gari la binafsi ni kutafutana na askari. Mshahara ulikuwa unaingia tenki unatokea bomba la moshi. Mwezi wa pili akaenda siku tatu kwa wiki, siku nyingine akalala kwa mwenzake. Mwezi wa tatu akapanga chumba Katesh, akawa anarudi Ijumaa. Alimweleza mama polepole, kwa Kiiraqw, kwamba ni kwa muda. Mama alimuuliza muda ni siku ngapi.

Kornel naye akaona gari linalala bure Katesh wiki nzima. Alipiga simu kwa sauti ya mtu mwenye huruma na mali. Akasema chombo kisipotembea kinaharibika, na kwamba atalifuata Jumapili na kulirudisha Ijumaa. Ijumaa zikawa Jumamosi, na mshale wa mafuta kila mara ukiwa umelala. Lilibeba maharage ya Bashnet, likabeba bibi harusi wawili, watoto wa kipaimara, na mbuzi ambaye harufu yake haikutoka tena. Watu wakaanza kuliita gari la Kornel. Domitila alilisikia jina hilo stendi, siku moja akisubiri basi la kwenda Katesh, likipita mbele yake limejaa watu wakiimba. Walimpungia mkono. Na yeye akawapungia, halafu akajidharau siku nzima.

Ila lililomwuma zaidi lilitokea Ijumaa moja ya mwezi wa tano. Aliingia chumbani kwa mama, akavuta kigoda, akakaa. Mama hakumwaga chochote. Alimtazama kama mgeni aliyekosea nyumba, kisha akamuuliza amekuja kuchukua nini. Domitila akasema amekuja kuzungumza. Mama akageukia ukutani na kusema kwamba waliokuwa wanazungumza naye wote wamekufa. Siku hiyo Domitila alimchukia kaka yake, akawachukia na wazee waliopiga makofi, lakini chuki kubwa aliiweka kwa yule mwanamke aliyepanda Dareda na kilo mbili za sukari kuomba ruhusa ya pesa zake mwenyewe.

Jumatano iliyofuata, saa tatu asubuhi, Kindness alipiga simu. Bibi alikuwa anahema kwa shida. Domitila akampigia Kornel. Kornel alikuwa Bashnet, magunia kumi na mbili yako ndani ya Noah, viti vya nyuma vimebaki nyumbani. Akasema ngoja kwanza ashushe mzigo, anakuja. Domitila hakugombana naye, hakuwa na muda. Alitoka ofisini bila kuaga, akasimama barabarani, akalipungia kila lililopita. Mabasi yalipita yamejaa; saa sita ndipo lori la vitunguu kutoka Singida likamsimamia, nalo lilitambaa kila mlima.

Huko Maisaka Kindness aliita bajaji. Mguu haukuingia, kama ilivyojulikana kwamba usingeingia. Wakamkalisha mama kiubavu, mguu umetoka nje, na Kindness akatembea kando ya bajaji ameushika mikononi mpaka hospitali, dereva akienda mwendo wa mguu na watu wa barabarani wakisimama kutazama.

Lori lilimshusha Domitila saa nane mchana. Mama alishafariki saa sita na nusu. Kindness alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kanga ya bibi mapajani, viatu vyake vimejaa vumbi. Alisimama alipomwona, akaanza kueleza bila kuulizwa.

"Bibi aliongea sana leo, mama. Njia nzima. Na kitandani pia aliendelea, kama kuna kitu anauliza. Mimi nikawa naitikia tu, ndiyo bibi, ndiyo bibi. Sijui alikuwa anasema nini."

Domitila alimshika mkono, akamwambia amefanya vizuri. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia yeyote kati yao. Kornel alifika saa tisa, shati lake lina vumbi la maharage, akalia kwa sauti kubwa mpaka wauguzi wakaja kumtuliza.

Walimzika Dareda. Noah ilioshwa, ikafungwa kitambaa cheupe, viti vikaondolewa, na jeneza likaingia lote bila kuinamishwa. Wakati wa chakula baba mdogo Damasi alisimama kushukuru. Alishukuru kanisa, akashukuru majirani, kisha akasema vijana wajifunze: kama wangesikiliza mambo ya vigari vidogo, leo wangeazima gari kumleta mama yao. Watu wakaitikia kwamba ni kweli, mama amesindikizwa kwa heshima. Domitila alikuwa anagawa wali. Aliendelea kugawa mpaka wali ukafurika sahani, na aliyekuwa mbele yake akadhani ni uchungu wa msiba tu.

Siku ya tisa tangu mazishi, Jumamosi, Kornel alikuja Maisaka. Aliegesha Noah mlangoni, akavua kofia, akaingia. Alizungumzia mvua, akazungumzia bei ya maharage. Kisha akatoa ufunguo na kadi ya gari mfukoni, akavinyoosha kwake.

"Tumekaa na wazee," alisema. "Tumeona umeteseka. Gari ni lako kuanzia leo, kadi tutaibadilisha, na hakuna atakayekuja kuliomba. Nimejaza tenki. Sasa uwe unakwenda na kurudi kila siku, kama ulivyokuwa unataka."

Domitila alitazama mkono ule. Hakuona uovu ndani yake, na hilo ndilo lililomkera, maana uovu angeupigia kelele. Kaka yake alidhani kweli analipa.

"Nirudi kwa nani, kaka?"

Mkono ulibaki umenyooka. Mwishowe Domitila akavipokea ufunguo na kadi ili mkono ule ushuke, akaviweka mezani. Akamwita Kindness alete chai, kwa sababu mgeni alikuwa ametoka mbali na ndivyo mama alivyowalea. Akamkorogea sukari vijiko vitatu anavyopenda, akakaa mbele yake akimtazama anavyokunywa, na akamchukia kwa kila funda alilomeza.