Yangeyange wa Kaka Muhangi

Kaka yangu Muhangi anasali rozari kila jioni, lakini mwulize ana ng'ombe wangapi uone atakavyokukodolea macho. Kwetu wafugaji wa Mabira ng'ombe hahesabiwi. Jioni unamwita Bihogo, unamwita Gaaju, asiyeitika unajua hayupo. Ukianza moja, mbili, tatu, umewaitia maradhi. Ndivyo tulivyolelewa.

Sasa kiangazi hiki kilichopita akatujia Elipidius, kijana wa Ihembe, mtoto wa migomba na kahawa, aliyepata kazi ya kuhesabu ndege. Ndiyo, kuna watu wanalipwa kwa hilo. Anonciata, binti wa kaka, alikuwa amekwisha kumpenda, na siku moja mchana alipanga kumfikisha kwa baba yake. Kijana akaona amalize kazi kwanza. Nilikuwa napalilia maharage yangu chini ya kilima nilipomwona amesimama juu ya kichuguu, darubini machoni, kidole mbele, anapaza sauti:

"Kumi na saba! Kumi na nane! Kumi na tisa!"

Kidole kilielekea moja kwa moja kwenye kundi la kaka. Ningeweza kumnyamazisha, lakini huku kiangazi burudani ni adimu. Nikaegemea jembe.

Muhangi akatoka vichakani na fimbo juu. "We mchawi! Nani kakutuma uhesabu ng'ombe wangu?"

"Shikamoo mzee," kijana akasema akirudi nyuma. "Sihesabu ng'ombe. Nahesabu yangeyange."

Na kweli. Wale ndege weupe walikuwa wametapakaa malishoni, kila ng'ombe na wake mmoja mgongoni, wamekaa kama maharusi kwenye bodaboda. Kaka hakutaka kusikia.

Anonciata akafika mbio na kibuyu cha maziwa mkononi. "Baba, huyu ndiye yule mgeni niliyekuambia."

"Huyu? Mwenye jicho la husuda? Basi hapa haoi, wala maji hanywi!"

Msichana akainamisha kichwa, machozi yakamdondoka. Hapo nikaacha kucheka. Anonciata nimemlea mimi tangu mama yake afariki, na uchungu wake huniingia hadi mifupani. Nikatupa jembe, nikapanda kilima nikihema.

"Kaka," nikamwambia, "ndege si wako. Hukuwanunua, huwakamui. Mtu akiwahesabu wewe unapungukiwa nini?"

Muhangi akageuka kuwatazama. Akawatazama ndege, kisha ng'ombe waliokuwa chini ya ndege, kisha ndege tena. Fimbo ikateremka taratibu. Namjua kaka yangu. Ameamka na ng'ombe wale tangu utotoni, kawarithi, kawazalisha, na hajawahi kujua ni wangapi. Mtu mzima na hamu yake, ameizika kama mkungu wa ndizi shimoni, nayo inazidi kuiva.

Akakohoa. "Hao ndege," akasema, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za mvua, "umepata wangapi?"

Elipidius akafungua mdomo ajibu. Watu wa migomba hawana hila! Bahati yake Anonciata alikuwa karibu, akamkanyaga mguu barabara.

"Baba, hiyo ni siri ya kazi," akasema, machozi hayajakauka. "Mtu wa nje haambiwi. Labda baba mkwe."

Kaka akanitazama. Mimi nikatazama mawingu. Akamtazama binti yake, akaona ni damu yake kabisa.

"Washenga waje Jumapili," akasema, "baada ya misa. Na wasichelewe."

Kisha akamsogelea kijana, akainama sikioni pake. Alidhani ananong'ona, lakini kaka hajui kunong'ona.

"Niambie hili tu. Wanazidi wale wa jirani yetu Gaudiosus, kule ng'ambo ya bonde?"

Elipidius akatazama mguu wake uliokanyagwa, akatafakari kidogo.

"Wanazidi sana, baba."

Kijana yule hajawahi kukanyaga ng'ambo ya bonde. Nikasema moyoni, hapa tumepata mkwe.