Misumari Mdomoni

Usigeuze uso. Ulimwona Msumari akiacha randa kila mara na kukimbilia nyuma ya karakana, ukacheka na wenzako: "Fundi, umemeza kisima?" Naye akacheka. Miaka miwili mlicheka.

Jina hilo alilipata kwa mtindo wake wa kazi. Misumari sita aliibana kwa midomo, akachomoa mmoja mmoja bila kutazama, huku anapiga soga kwa pembe ya mdomo. Ndiyo maana taya la kushoto lilipoanza kumuuma, hakushangaa.

"Si nilikwambia?" mkewe alimvaa. "Chakula chako chuma, baba watoto!"

Zahanati wakamng'oa jino. Maumivu yakabaki, wakang'oa la pili. Hakuna aliyempiga picha ya eksirei. Siku moja anapigilia bawaba, akapeleka mkono mdomoni akakuta hamna kitu. Misumari yote imetapakaa miguuni, wala hakuhisi ikidondoka. Akajifinya kidevu. Kama anafinya kidevu cha jirani.

Kwenye hospitali kubwa, daktari wa meno, binti wa rika la kitinda mimba wake, aliikodolea macho picha ya taya.

"Baba, mkojo unatoka vizuri?"

"Mwanangu, nimekuletea taya, wewe unaniuliza mambo ya chini?"

Binti hakucheka. Msumari alimtazama mkewe, akainamisha kichwa, akasema kwa mara ya kwanza: unatoka matone, na siku nyingine damu.

"Na mimi nalala na nani, hata usiniambie?" mkewe aliuliza polepole.

Vipimo vikarudi: saratani ya tezi dume, imeshaingia mifupani. Kwa kawaida hukimbilia uti wa mgongo na nyonga, daktari alieleza. Taya ni mara chache sana.

"Nitapona?"

"Tutakupunguzia maumivu, baba."

Alikuwa ameuliza jambo moja, akajibiwa lingine. Alielewa.

Siku hizi anakaa tu kwenye benchi lake. Misumari iko koponi. Chai inamchuruzika kidevuni bila yeye kujua, mkewe anaifuta.

"Ningesema," anamwambia.

"Ungesema," mkewe anajibu, bila kumtazama.

Kwake kumekwisha. Lakini wewe una baba, una mjomba, una fundi unayemcheka. Weka chini unachosoma. Nenda ukamuulize habari za mkojo wake, sasa hivi, na akianza utani usicheke. Mshike mkono, mwende akapimwe.